Mbili na Nusu kwa Sita: Historia ya Malazi ya Mtoto Karatu na Ngorongoro

Godoro linalonunuliwa kwa ajili ya mtoto katika maduka ya mji wa Karatu, kama ilivyo katika sehemu kubwa ya Tanzania, huulizwa kwa kipimo chake na si kwa umri wa atakayelilalia. Ni godoro la "mbili na nusu kwa sita", yaani lenye upana wa futi 2.5 na urefu wa futi 6, ambazo ni sawa na sentimita 76 kwa 183 hivi, na unene wake hutajwa kwa inchi, kuanzia 4 kwenda juu. Kipimo hicho hakikutokana na mwili wa mtoto, kwa kuwa mtoto wa miaka 7 ndiyo kwanza anakaribia urefu wa futi 4, wala hakikutokana na desturi za Wairaqw, Wamaasai, Wadatoga na Wahadzabe, ambao miongoni mwao mtoto mdogo kulala peke yake lilikuwa jambo la nadra. Makala haya yanafuatilia namna malazi ya mtoto yalivyobadilika katika wilaya za Karatu na Ngorongoro tangu mwisho wa karne ya 19. Hoja yake ni kwamba godoro la mtoto mmoja liliingia katika nyanda hizi hasa kwa mlango wa shule ya bweni, likachukua vipimo vya bweni, kisha likarudi navyo nyumbani, ilhali maswali anayojiuliza mzazi anapolichagua, yaani maswali ya baridi, unyevu, wadudu na uimara, yalikuwapo kabla ya godoro lenyewe.

Baridi ya nyanda za juu na malazi ya ngozi

Eneo hili lina tofauti kubwa za mwinuko katika masafa mafupi. Ukingo wa kreta ya Ngorongoro uko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, na ukungu huufunika asubuhi nyingi za mwaka. Mji wa Karatu uko kwenye mita 1,500 hivi. Na bonde la Ziwa Eyasi, iliko Mang'ola, linashuka hadi karibu mita 1,000, ambako usiku huwa wa joto na mbu huwa wengi. Malazi yalifuata tofauti hizo, kwa sababu jambo la kwanza lililotakiwa katika nyanda za juu lilikuwa kumtenga mtoto na ubaridi wa ardhi, haja ambayo bondeni haikuwa kubwa kiasi hicho.

Katika nyumba ya Wamaasai, ambayo kwa Kimaasai huitwa enkaji na ambayo hujengwa na mwanamke na kuhesabiwa kuwa yake, kitanda si samani ya kuhamishwa bali ni sehemu ya jengo. Mwanamke huchimbia miti mifupi, hupanga fito juu yake, hutandika matawi laini na majani, kisha hufunika kwa ngozi ya ng'ombe iliyowambwa juani kwa vigingi, ikaparwa na kulainishwa kwa mafuta. Kwa kawaida vitanda huwa viwili: kikubwa ni cha mume na wageni wake, na kidogo ni cha mama pamoja na watoto wadogo, na mahali pa moto huwa hatua chache tu kutoka vitandani, ndani ya kuta zilezile ambamo hutengwa pia kizimba cha ndama kiitwacho olale. Mtoto alipata joto kutoka kwenye ngozi iliyo chini yake, kwa mama na ndugu walio ubavuni, na kwenye makaa pamoja na wanyama waliolala karibu, wala hapakuwa na sehemu ya kitanda hicho iliyopimwa kwa ajili yake peke yake. Alipokua ndipo alipohama, na kuhama huko kulifuata mpangilio wa rika, yaani kundi la watu waliotahiriwa katika kipindi kimoja, si wingi wa vyumba.

Wairaqw, ambao Watanzania wengi wamezoea kuwaita Wambulu, walikuwa na njia nyingine ya kukabili baridi hiyohiyo. Makazi yao ya asili yako kusini mwa Karatu, katika milima ya Mbulu, na nyumba yao ya zamani ilikuwa ya aina ya tembe, maana yake nyumba yenye paa bapa lililojengwa kwa boriti na fito na kufunikwa udongo. Baadhi ya nyumba hizo zilichimbwa ubavuni mwa kilima hata paa likawa karibu sawa na ardhi ya upande wa juu, mbinu iliyowaficha wenyeji na mifugo yao wakati wa mashambulizi ya kuteka ng'ombe, na usiku ng'ombe na mbuzi waliingizwa ndani pamoja na watu. Ndani ya nyumba ya namna hiyo joto halikupotea upesi, na ngozi iliyotandikwa juu ya fito au juu ya sakafu ilitosha kuwa malazi ya watoto kadhaa.

Utegemezi huo wa ngozi ulifanya malazi yawe sehemu ya uchumi wa mifugo. Oscar Baumann, msafiri kutoka Austria aliyepita nchi hii mwaka 1892, aliikuta kreta ya Ngorongoro ikiwa na Wamaasai waliodhoofika kwa njaa, kwani sotoka, yaani ugonjwa wa virusi ulioenea Afrika Mashariki kuanzia mwaka 1890 hivi, ilikuwa imeangamiza sehemu kubwa ya ng'ombe wao. Habari za njaa hiyo zimeelezwa mara nyingi kwa kutaja maziwa, nyama na damu, lakini kaya iliyofilisika mifugo ilifilisika pia matandiko, kwa kuwa ngozi huchakaa, hukakamaa na kupasuka, na hakuna ng'ombe mpya wa kuchunwa nyingine.

Huko Eyasi, Wahadzabe, ambao kwa karne nyingi wameishi kwa kuwinda na kukusanya matunda, mizizi na asali, walilala katika vibanda vya nyasi au mahali pa wazi, juu ya ngozi za wanyamapori zilizotandikwa chini, mtoto mchanga akiwa ubavuni mwa mama yake. Wanasayansi wamevutiwa na malazi hayo kwa sababu yanasaidia kufikiri namna binadamu alivyolala kabla ya kitanda. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017, uliofuatilia usingizi wa Wahadzabe wazima 33 kwa siku 20, ulionyesha kwamba katika zaidi ya saa 220 za uangalizi zilipatikana dakika 18 tu ambazo wote walikuwa wamelala kwa pamoja, kwani tofauti za umri ziliwafanya baadhi waamke mapema na wengine wachelewe kulala, hata kambi ikawa na mlinzi bila ya kumteua. Kwa jamii ya namna hiyo, kumlaza mtoto mbali na watu wazima kungekuwa ni kumwondolea ulinzi.

Kitanda cha kamba, sufi na gunia

Godoro lilikuwa limejulikana pwani kwa muda mrefu kabla ya kufika Karatu. Kitanda cha kamba cha Waswahili kiliundwa kwa matendegu 4, ambayo ni miguu yake, na kwa mbao za ubavuni ziitwazo mifumbati, zilizounganishwa na vitakizo vya kichwani na miguuni, kisha kikasukwa kwa kamba za makumbi ya nazi au za ukindu. Juu yake ulitandikwa mkeka, na kwa wenye uwezo liliwekwa godoro lililojazwa pamba, usumba, yaani nyuzi za makumbi, au sufi. Sufi hutoka katika maganda ya matunda ya msufi. Nyuzi zake ni fupi na nyororo, hazisokoteki kuwa uzi wa kufumia, lakini ni nyepesi na hazinywi maji upesi, kwa hiyo zilifaa kwa mito na magodoro. Udhaifu wake ni kwamba hushindiliwa na uzito wa mlalaji zikafanya mabonge, hata ikalazimu godoro lifumuliwe, sufi ichambuliwe na kuanikwa juani, kisha irudishwe na kushonwa upya.

Bidhaa hizo zilipanda bara pamoja na maboma ya serikali, misheni na walowezi. Karatu yenyewe ilikuwa nchi ya malisho na vichaka kabla ya Wairaqw kuhamia kwa wingi kutoka kusini, hatua iliyorahisishwa na kufyekwa kwa mapori ya mbung'o, yaani inzi anayeeneza ugonjwa wa ndorobo kwa ng'ombe, wakati wa utawala wa Waingereza. Jirani yao, kwenye miteremko ya Oldeani, walowezi wa Kijerumani walikuwa wamefungua mashamba ya kahawa katika miaka ya 1920, na kahawa ilileta vibarua, mishahara na maduka. Ngano iliyolimwa kwa matrekta ikafuata baada ya Vita Kuu ya Pili, ikazipa baadhi ya familia za Karatu fedha za kuezeka mabati na kununua samani za kiwandani.

Familia nyingi, hata hivyo, hazikufikia godoro la sufi. Zilichukua vitu viwili vilivyokuwa karibu, yaani mkonge na mahindi. Mkonge, ambao uliletwa Tanganyika mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, uliwapa watu wa bara kamba ya kusukia kitanda mahali ambapo hapakuwa na nazi wala ukindu, na gunia lilitoa foronya kubwa iliyoweza kujazwa nyasi kavu au maganda ya mahindi. Godoro la gunia lilikuwa na faida moja ambayo magodoro ya baadaye hayakuwa nayo, nayo ni kwamba mtoto akilikojolea, vilivyomo humwagwa, gunia hufuliwa na kuanikwa, kisha hujazwa upya bila ya gharama.

Papasi, viroboto na hoja ya afya

Kuinua malazi kutoka sakafuni kulipata msukumo wa kitabibu mapema katika karne ya 20. Papasi ni mdudu wa jamii ya kupe anayejificha katika nyufa za sakafu na kuta za udongo mkavu, hutoka usiku, hunyonya damu ya aliyelala kwa muda mfupi na kurudi mafichoni kabla ya kugunduliwa. Mwaka 1905 daktari wa Kijerumani Robert Koch aliwachunguza wadudu hao katika koloni la Afrika Mashariki ya Kijerumani na kuonyesha kwamba vimelea vya homa ya papasi hupita kutoka kwa mdudu jike hadi katika mayai yake, jambo lililoeleza kwa nini nyumba au kambi ya wasafiri iliyokwisha kuingiliwa hubaki na hatari kwa miaka mingi. Mwaka huohuo Joseph Dutton, aliyekuwa akichunguza ugonjwa huo huko Kongo pamoja na John Todd, alifariki baada ya kuambukizwa. Homa hiyo, ambayo hupanda, hushuka na kurudi tena baada ya siku kadhaa, huwaumiza zaidi watoto wadogo na wajawazito, na nyumba ya tembe yenye sakafu ya vumbi ndiyo ilikuwa makao mazuri ya mdudu huyo katika nyanda za kati za Tanganyika.

Hoja kama hiyo ilirudi kwa sababu ya tauni, ugonjwa unaoenezwa na viroboto wa panya. Huko Lushoto, ambako tauni iliua mamia ya watu tangu mwaka 1980, maofisa wa afya waliwashauri wananchi waache kulala sakafuni, na nyanda za Mbulu na Karatu nazo zimo katika orodha ya maeneo ya Tanzania yenye historia ya ugonjwa huo. Ushauri huo uliwagusa watoto hasa, kwa sababu katika nyumba yenye kitanda kimoja watu wazima hupanda kitandani na watoto hubaki chini, juu ya mkeka au ngozi.

Chandarua kilikuja kukamilisha hoja hiyo. Kuanzia mwaka 2004 mpango wa Hati Punguzo uliwawezesha wajawazito nchini kununua vyandarua vyenye dawa kwa bei nafuu, na miaka michache baadaye kampeni za kitaifa ziligawa vyandarua bure, kwanza kwa ajili ya watoto wa chini ya miaka 5. Chandarua hufanya kazi vizuri pale kinapochomekwa chini ya godoro pande zote, na kwa hiyo kilimtaka mlalaji awe na malazi yenye mipaka inayojulikana. Ngozi iliyolaliwa na watoto wanne, mmoja akijiviringisha kuelekea motoni na mwingine kuelekea ukutani, haikuwa na ukingo wa kuchomekea.

Bweni na kipimo chake

Badiliko kubwa kuliko yote, hata hivyo, lililetwa na shule. Elimu ya kikoloni katika nchi ya wafugaji ilianza kwa shule chache zilizokuwa mbali na maboma ya wafugaji, yaani makazi yao, na kwa sababu hiyo zilikuwa za bweni. Kwa watoto wa Kimaasai shule mashuhuri ilikuwa ile ya Monduli, ambako Edward Moringe Sokoine, waziri mkuu wa baadaye, alianza masomo mwaka 1948. Kwa watoto wa Kiiraqw kituo cha elimu ya serikali kilikuwa Mbulu. Mtoto aliyeingia bweni alikutana, pengine kwa mara ya kwanza, na kitanda cha chuma chenye nafasi ya mtu mmoja tu. Upana wa futi 2.5 ndio unaojulikana Uingereza kuwa kitanda kidogo cha mtu mmoja, na unafaa mahali ambapo vitanda vingi vinapaswa kupangwa katika chumba kimoja kirefu, iwe kambi ya askari, wodi ya hospitali au bweni, kwa namna ambayo msimamizi ataweza kupita katikati na kuhesabu vichwa.

Katika shule nyingi za zamani kilichotandikwa juu ya kitanda hicho kilikuwa gunia lililojazwa nyasi, ambalo mwanafunzi mwenyewe alilijaza mwanzoni mwa muhula. Kitanda cha deka, yaani cha ghorofa mbili, kilipoenea kwa ajili ya kubana nafasi, gunia la nyasi likawa halifai tena, kwani vumbi na vipande vya majani vilimwagikia aliyelala chini. Serikali huru iliendelea na bweni katika maeneo ya wafugaji hata baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, lililoharakisha elimu ya msingi kwa wote, kwa sababu maboma yaliyotawanyika ya Wamaasai hayakuwezesha mtoto kwenda na kurudi kila siku. Ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro, iliyoanzishwa mwaka 1959 kwa utaratibu wa kuwachanganya watu, mifugo na wanyamapori, sababu ya bweni ilikuwa nzito zaidi, maana njia ya kwenda shule hupita katika malisho ya nyati na tembo.

Sekondari zilipoongezeka kuanzia mwaka 2004, chini ya mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari uliojulikana kwa kifupi kama MMES, kipimo cha bweni kilienea zaidi vijijini. Fomu ya maelekezo ya kujiunga na shule, anayopewa mzazi baada ya mtoto kuchaguliwa, huorodhesha vitu vya kuja navyo: sare, tranka, ndoo, jembe au fagio, shuka, blanketi, chandarua na godoro la futi 2.5 kwa 6. Ada ilipofutwa hadi kidato cha nne mwaka 2016, mahitaji hayo binafsi yalibaki juu ya mzazi, na kwa familia ya wafugaji maana yake mara nyingi ni kuuza mbuzi au kondoo mnadani kabla ya muhula kufunguliwa. Mwezi Januari, shule zinapofunguliwa, magodoro yaliyoviringishwa na kufungwa kwa kamba ya katani huonekana juu ya mabasi ya barabara ya Makuyuni na Karatu, kila moja limeandikwa jina la mwenyewe kwa kalamu ya wino mzito, ili lisichanganyike na la jirani mwenye kipimo kilekile.

Sponji na vipindi vyake

Kilichowezesha sharti hilo la fomu ni sponji, jina ambalo Watanzania wameipa plastiki yenye povu iitwayo poliurethani. Kemia yake ilivumbuliwa Ujerumani mwaka 1937 na Otto Bayer pamoja na wenzake, na sponji laini ya magodoro ilianza kuuzwa katika miaka ya 1950. Hutengenezwa kwa kuchanganya kemikali mbili za majimaji pamoja na maji kidogo. Mchanganyiko hutoa gesi, ukaumuka na kuganda kuwa pande kubwa lenye vitundu visivyohesabika, ambalo hukatwa kwa msumeno mwembamba katika unene wa inchi zinazotakiwa. Kwa kuwa pande kubwa la sponji limejaa hewa na ni ghali kulisafirisha mbali, viwanda vyake hujengwa karibu na wanunuzi, na Arusha ilipata kiwanda chake, Tanfoam, ambacho jina lake kaskazini mwa Tanzania limekaribia kuwa na maana ya godoro lenyewe.

Upatikanaji wake haukuwa wa moja kwa moja. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya kupanda kwa bei ya mafuta, vita vya Kagera na upungufu wa fedha za kigeni, bidhaa za kiwanda zilizotegemea malighafi za nje ziliadimika, na blanketi, sabuni na shuka ziligawiwa kwa foleni na kwa vibali. Mpaka wa Kenya ulikuwa umefungwa tangu mwaka 1977 hadi 1983, na bidhaa zilizovuka kwa njia ya Loliondo zilivuka kwa magendo. Katika miaka hiyo ngozi na gunia vilirudi mahali pake, na wenye sponji waliitunza kwa kuishonea viraka. Baada ya masharti ya uagizaji kulegezwa kuanzia mwaka 1984, magodoro yalirudi madukani, na barabara ya lami iliyofika hadi lango la Hifadhi mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilipunguza taabu ya kuyafikisha Karatu. Wakulima wa vitunguu wa Mang'ola, wanaolima kwa maji ya chemchemi na kuvuna fedha taslimu, walikuwa miongoni mwa wateja ambao barabara hiyo iliwaunganisha na maduka.

Sponji ilikuja na hatari ambayo ngozi haikuwa nayo. Poliurethani huwaka upesi na kutoa moshi wenye sumu, na bweni lenye magodoro mengi yaliyokaribiana linaweza kushika moto wote kwa dakika chache. Mwaka 1994 zaidi ya wasichana 40 walifariki katika moto wa bweni la Shule ya Sekondari Shauritanga, wilayani Rombo, na mwaka 2009 wanafunzi 12 wa Shule ya Sekondari Idodi, mkoani Iringa, walifariki kwa namna hiyohiyo. Huko Idodi chanzo kilichotajwa ni mshumaa. Tahadhari hiyo inahusu pia enkaji, ambamo makaa yako hatua mbili kutoka kitandani, na nyumba yoyote inayotumia kibatari.

Uchaguzi wa godoro la mtoto

Historia hiyo inasaidia kueleza namna godoro la mtoto linavyochaguliwa na namna linavyofaa kuchaguliwa. Mnunuzi wa kawaida hulibonyeza kwa kiganja na kutazama kama linarudi upesi, kipimo kinachofichua sponji iliyochoka lakini kisichofichua sponji hafifu iliyo mpya. Kinachoamua uimara ni densiti, yaani uzito wa kilo kwa kila mita moja ya ujazo, na hiyo inaweza kukadiriwa hata dukani kwa mizani ya kawaida. Godoro la futi 2.5 kwa 6 lenye unene wa inchi 4 lina mita za ujazo 0.14 hivi. Likiwa na densiti ya 16, sponji yake hupata kilo 2.3, na likiwa na densiti ya 24 hupata kilo 3.4. Magodoro mawili yanayolingana kwa macho yanaweza kutofautiana kwa zaidi ya kilo moja, na hiyo kilo ndiyo inayokosekana pale godoro linapobonyea katikati kabla ya mwaka kwisha. Alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania, lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1975, iliwekwa ili mnunuzi asilazimike kubeba mizani, nayo yafaa kutafutwa kwenye lebo kabla ya kuulizwa bei.

Unene hutegemea kilicho chini ya godoro. Inchi 4 humtosha mtoto mwepesi juu ya kitanda chenye mbao zilizokaribiana, lakini juu ya fito, kamba au chaga zilizoachana, mtoto huzihisi mbavuni, na upepo wa baridi wa Ngorongoro hupita katika mianya. Hapo inchi 6 hufaa zaidi, au zile 4 zikiwekewa mkeka, blanketi kuukuu au ngozi chini yake. Ugumu wa wastani hupendelewa kuliko ulaini, kwa kuwa mtoto anayezama katika godoro hukosa kujigeuza kwa urahisi, na kwa mtoto mchanga godoro laini ni hatari, maana uso wake ukididimia anaweza kukosa hewa.

Unyevu ndio adui mkubwa zaidi wa sponji. Tofauti na gunia la nyasi, haiwezi kumwagwa na kujazwa upya, na ikinywa mkojo hukawia kukauka na hushika harufu, hasa katika miezi ya ukungu. Kifuniko kinachovuliwa na kufuliwa, pamoja na kipande cha plastiki nzito kati ya shuka na godoro, huongeza umri wake kuliko nyongeza ya inchi mbili, na kulianika juani mara kwa mara hupunguza kunguni wanaojificha katika mishono. Kuhusu ukubwa, anayenunua kwa ajili ya bweni hana hiari, kwa kuwa kitanda kinamngoja kikiwa na kipimo chake. Anayenunua kwa ajili ya nyumbani ana hiari kubwa kuliko anavyodhani, kwani familia nyingi zenye watoto wawili wadogo huchukua godoro la futi 3.5 kwa 6 na kuwalaza pamoja, na kwa kufanya hivyo huendeleza, juu ya sponji ya kiwandani, mpangilio uliokuwapo juu ya ngozi. Hakuna sababu ya kitabibu ya kuwatenganisha ndugu wawili wenye afya kwa sababu tu fomu ya shule imezoesha watu kipimo kimoja. Bweni lilipanga upana wa futi 2.5 kwa ajili ya haja zake lenyewe, na mzazi anayelijua hilo anaweza kuuliza kwanza mtoto atalala wapi, na nani, na juu ya nini, kisha ndipo aulize bei.